MP3, AAC ama FLAC? Rada ya Kuchagua Pleya ya Ngoma Bila Kuuziwa Mbuzi kwa Gunia

Wasee wengi wakishuka Luthuli Avenue kusaka pleya huuliza maswali mawili tu: ni GB ngapi, na ni pesa ngapi? Swali lenye lingefaa kuja kwanza hata haliulizwi: inasoma fomati gani? Na hilo ndilo huamua kama ngoma zako zote zitacheza, ama nusu zitakaa kwa memori kadi zikikuangalia tu.

Usiseme pleya ni kitu ya wazee. Simu saa hii imebeba maisha yako yote: M-Pesa, WhatsApp, mboka, kila kitu. Ikizima ukiwa njiani kwenda ocha, hujapoteza muziki pekee, umepoteza na nauli. Na kukaa dirishani kwa mathree ukiwa umeshika simu ukitafuta wimbo ni kuwaita wanyakuzi kwa jina. Kapleya kenye hakaitishi bando kanakutoa hiyo presha.

Lakini chanuka. Sheria ni moja: chagua fomati kwanza, pleya baadaye. Pleya itaanguka, itaibiwa ama betri itakufa. Ngoma ndizo zinafaa kubaki.

Fomati ni nini?

Wimbo kwa CD umehifadhiwa kama namba. Sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia. Hiyo ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, karibu MB 10 kwa kila dakika. Ni mzigo, so watu wakatafuta njia za kuubana. Ziko mbili:

*Kubana kwa kutupa.* Hapa kuna MP3, AAC, Ogg Vorbis, Opus na WMA. Programu inatafuta sauti zenye sikio halingezishika vizuri, kama kamlio kadogo kalikofunikwa na besi nzito, halafu inazitupa. Zikishatupwa, hazirudi.

*Kubana bila kutupa.* Hapa kuna FLAC na ALAC. Ni kama kukunja nguo vizuri ndio zitoshee kwa begi. Ukifungua, zote ziko, hakuna hata soksi imepotea.

Neno lingine utakutana nalo ni bitireti, yaani kilobiti ngapi zinatumika kwa kila sekunde ya wimbo. Ikiwa juu, faili ni kubwa na sauti inabaki poa. Ikishuka sana, utaiskia kwanza kwa simbali na kayamba: zinaanza kutoa mlio wa maji maji. Gita za benga pia huumia haraka.

Wenye walinunua kufuli

Kwa nini fomati ni stori serious hivi? Angalia venye ilienda huko majuu.

Pleya za kwanza za MP3 zilitoka 1998. MPMan F10 ya Saehan kutoka Korea Kusini ilikuwa na MB 32 pekee. Hiyo ni kama nusu saa ya muziki wa kilobiti 128, halafu unarudia. Oktoba 2001 Apple ikaleta iPod ya GB 5, na vita ikaanza ya nani atafunga wateja kwa boma lake.

Sony walikuwa na fomati yao, ATRAC, walioianzisha na MiniDisc mwaka wa 1992. Kwa miaka kadhaa Walkman zao za kidijitali hazikucheza MP3 moja kwa moja. Ilibidi upitishe ngoma zako kwa programu yao zigeuzwe ATRAC kwanza. Watu walichoka, wakahamia iPod. Sony walikuja kukubali MP3 kuanzia 2004, lakini gari lilikuwa limeshaondoka stage.

Apple nao walifungua duka la iTunes Aprili 2003, wimbo mmoja senti 99 za dola. Zilikuwa AAC zenye kufuli ya kidijitali. Ukitaka kuhama iPod uende pleya ya kampuni ingine, ngoma ulizolipia hazikufuati. Kufuli hiyo ilitolewa 2009.

Microsoft ndio walichapa watu kabisa. Waliuza muziki wa WMA wenye kufuli kwa duka la MSN Music, halafu 2006 wakatoa pleya yao wenyewe, Zune, yenye haikuweza kucheza ngoma hizo. Mwaka wa 2008 wakatangaza watazima seva zinazotoa funguo. Kumaanisha ukibadilisha kompyuta, muziki uliolipia unageuka kuwa faili bubu. Wanunuzi walipiga kelele hadi tarehe ikasongeshwa mbele, lakini somo lilikuwa limeshaingia.

Pleya hizo zote sasa ni historia. Hata iPod yenyewe Apple waliizika Mei 2022. Lakini msee aliyekuwa na MP3 za kawaida 1999 bado anazicheza leo kwa kabambe.

Fomati moja moja, bila kuzunguka

MP3. Kazi ya Wajerumani wa Fraunhofer na wenzao, na jina hilo la faili walilichagua 1995. Si kali kuliko zote, lakini inacheza kila mahali: kabambe, redio ya gari, spika ya yuesibii, subwufa ya kinyozi. Tangu 2017 haina leseni ya kulipia. Ukitaka amani, chukua ya 320, ama isipungue 192.

AAC. Mara nyingi utaiona kama faili ya m4a. Kwa bitireti ya chini inashinda MP3. Vifaa vya Apple na simu nyingi za Android zinaisoma, lakini pleya zingine za bei ya chini zinaikataa.

Ogg Vorbis. Imekuwa huru kwa kila mtu tangu siku ya kwanza, toleo lake kamili lilitoka 2002. Spotify wanaitumia ndani kwa ndani. Kwa pleya ndogo, ni bahati nasibu.

Opus. Ya 2012, na ndiyo kali zaidi kwa faili ndogo. Zile voisi unatumiana WhatsApp ni Opus. Lakini ukiweka Opus kwa pleya ya mtaani, uwezekano mkubwa itakuangalia tu.

WMA. Ya Microsoft. Kama uko nazo za zamani, zicheze. Usiongeze zingine.

FLAC. Ilitoka 2001, ni ya bure na haina kufuli. Ukiwa na FLAC una wimbo kamili kama ulivyokuwa kwa CD, na unaweza kutoa MP3 ama AAC wakati wowote. Hii ndiyo ya kuweka akiba.

ALAC. Ni kama FLAC lakini ya upande wa Apple. Chunga hapa: nayo pia hujiita m4a, so faili mbili zenye jina moja la nyuma zinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Na kama muuzaji atakuambia hii ni "MP5", cheka kidogo. Hakuna fomati inaitwa MP5, ni jina la kuuzia tu. "MP4" ipo kweli, lakini ni kama boksi la kubebea video na sauti. Kwa duka huwa wanamaanisha pleya iko na skrini.

Hesabu ya nafasi

Chukua kadi ya GB 32 na wimbo wa dakika 4:

- MP3 ya 128: karibu MB 4 kila mmoja, kama ngoma 8,000.
- MP3 ya 320: karibu MB 10, kama ngoma 3,300.
- FLAC: inategemea wimbo, lakini weka MB 25, kama ngoma 1,300.
- WAV, yaani bila kubana: MB 42, kama ngoma 750.

Mixi ya DJ ya saa moja ni MB 58 kwa 128, na MB 144 kwa 320. Kama wewe ni wa mixi, GB 32 ya MP3 inakutosha na inabaki.

Pleya nyingi ndogo zinakubali kadi ya hadi GB 32 pekee. Ukinunua ya 128 ukidhani umeomoka, inaweza kukataa kabisa. Uliza kabla.

Bluetooth inakula sauti

Watu husahau hapa. Umeweka FLAC, umenunua pleya ya nguvu, halafu unaskiza na hedifoni za Bluetooth. Muziki unabanwa tena ukiwa hewani. Njia ya kawaida, SBC, hufika kama kilobiti 328. Hata LDAC ya Sony, yenye iko juu sana, inaishia 990, bado chini ya 1,411 za CD. iPhone yenyewe inatumia SBC na AAC pekee.

So kama maisha yako ni Bluetooth, usijipasue kichwa na FLAC kwa pleya. MP3 ya 320 inatosha. Ukweli ni kwamba wengi wetu tukifungwa macho hatuwezi kutofautisha 320 na CD, zaidi ukiwa kwa nganya yenye spika zinatingisha viti. Doo yako ipeleke kwa iafoni nzuri kwanza. Iafoni mbaya zinaua kila fomati bila ubaguzi.

Pleya gani ya nani?

*Kabambe yenye memori kadi.* Chaji ya siku kadhaa, redio, tochi, na MP3. Inamtosha msee wa site, wa boda ama wa safari ndefu. Usiitishe FLAC hapa.

*Kapleya ka klipu.* Kazuri kwa jogi na jimu. Hakikisha ina vitufe vya ukweli, ju skrini ya kugusa na jasho hazipatani.

*Simu ya zamani ya Android.* Hii ndiyo siri ya mtaa. Ile iliyopasuka kioo, toa laini, zima data, weka kadi, weka apu ya kucheza faili. Inasoma MP3, AAC, Vorbis, Opus na FLAC. Kama iko na tundu la iafoni, umeshinda, na hujatoa hata soo.

*Pleya ya muziki kamili.* Kama Walkman mpya za Sony, FiiO ama HiBy. Ni za msee mwenye FLAC nyingi, hedifoni za waya na doo ya ziada. Ukikosa moja ya hizo tatu, ngoja kwanza.

Ukiwa kwa duka, fanya hivi

1. Enda na kadi yako mwenyewe. Weka MP3 moja, m4a moja, FLAC moja, na mixi moja ndefu. Zicheze zote kabla utoe pesa. Boksi linaweza kuandikwa chochote.
2. Zima pleya katikati ya mixi, uwashe tena. Inakumbuka ulikofika? Kama hapana, utateseka.
3. Angalia kama inafuata folda ama inachanganya kila kitu. Wimbo usio na jina la msanii ndani ya faili unaweza kupotelea kwa "Unknown".
4. Chomeka iafoni zako, si za duka. Skiza mlio wa "shshsh" wimbo ukisimama.
5. Uliza chaji yake. Yuesibii ya aina yako ya simu inakuokolea waya.
6. Chunga kadi feki. Kuna zenye zimeandikwa GB 64 na ndani ni 8, na zikijaa zinaandika juu ya ngoma za zamani. Kwa kompyuta ya Windows, programu ya bure ya H2testw itakuambia ukweli. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, ukiwa bado na risiti.

Ngoma zenyewe utoe wapi?

Kumbuka ngoma unazoweka nje ya mtandao kwa Spotify zinaishi ndani ya apu. Ukiacha kulipa, zinaenda. Ni kukodi, si kumiliki, na hutazihamisha kwa pleya. Ni ile ile kufuli ya 2003, imevaa nguo mpya.

Faili yako kabisa unaweza kupata Mdundo, huduma iliyoanzia hapa Nairobi yenye inatoa MP3 halali. Kwa Bandcamp ukinunua albamu unachagua mwenyewe: MP3, FLAC, AAC ama ingine. Huko ndiko KMRU aliweka kazi za guka yake, marehemu Joseph Kamaru. Muziki wa santuri za kitambo, leo unaweza kuushika kwa FLAC na uwarithishe watoto.

Na wacha ile mambo ya kugeuza MP3 ya 128 iwe 320 ama FLAC. Chenye kilitupwa hakirudi. Unapata faili nono yenye sauti ile ile, kama kuongeza maji kwa chai halafu useme ni nyingi.

Kwa ufupi: MP3 ya 320 ya kutembea nayo, FLAC ya kuweka kejani, kopi mbili mahali tofauti, na pleya yoyote yenye inasoma ulichonacho tayari. Kama muuzaji hataki ujaribu kadi yako, rudisha doo mfukoni. Luthuli iko na maduka mengi.