Kusafiri Guangzhou Kwa Matibabu: Hukumu Zake Na Maandalizi Yake

AlhamduliLlaah, Himdi Anastahiki Allaah Mola wa walimwengu. Rahmah na amani zimshukie Nabiy Muhammad (صلى الله عليه وآله وسلم), aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu wengi wa Afrika Mashariki hutuuliza kuhusu kumpeleka mgonjwa Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Tumekusanya hapa yale ambayo mgonjwa na muuguzaji wake wanayahitaji zaidi.

Je, Ni Wajibu Kusafiri?

Nabiy (صلى الله عليه وآله وسلم) ameamrisha kutafuta dawa, akabainisha kuwa Allaah Hakuteremsha ugonjwa ila Ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Hata hivyo, Jumhuri ya 'Ulamaa hawakuichukulia amri hiyo kuwa ni wajibu. Dalili mojawapo ni mwanamke mwenye kifafa aliyekuja kuomba du'aa, akapewa hiari ya kusubiri apate Jannah, naye akachagua kusubiri. Wapo 'Ulamaa waliosema tiba inakuwa wajibu pale uhai unapokuwa hatarini na kupona kukawa kwa dhana yenye nguvu.

Basi mtoto asiyemudu kumsafirisha mzazi wake asijihukumu kuwa ni muasi. Amtibu kwa kilichopo nchini na amwombee. Wala si haki kuuza nyumba ya mayatima au kukopa kwa ribaa kwa ajili ya safari ambayo hakuna daktari aliyesema itafaa.

Kabla Ya Kuuza Chochote

Barua kwanza, safari baadaye. Tuma ripoti, majibu ya vipimo na picha za MRI au CT kwenye idara ya wagonjwa wa kigeni ya hospitali, zikiwa zimefasiriwa. Omba jibu la maandishi kuhusu mambo manne: wanaweza kutibu nini, kuna matumaini gani, itachukua wiki ngapi, na gharama ni kiasi gani. Ukijibiwa kuwa tiba ni ile ile inayopatikana kwenu, umeokoa mali ya familia.

Chagua hospitali kwa ugonjwa, si kwa umaarufu. Kwa mfano, saratani ya nyuma ya pua na koo imeenea sana Guangdong, na madaktari wa huko wana uzoefu mkubwa nayo. Kituo cha saratani cha Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen ni miongoni mwa vinavyojulikana. Hospitali za China zimepangwa kwa madaraja matatu, na la tatu ndilo la juu.

Kabla ya kuondoka, mgonjwa aandike wasia, ataje madeni na amana za watu.

Ukifika

Hospitali hudai fedha zitangulizwe kabla ya kulazwa. Kazi nyingi za kumhudumia mgonjwa kitandani huachiwa jamaa au mtu wa kulipwa, hivyo asiende peke yake. Mwanamke afuatane na mahram wake. Tafuta mkalimani anayejua maneno ya kitabibu, si kila aliye mfanyabiashara huko. WhatsApp na Google hazifanyi kazi kwa mtandao wa kawaida wa China, basi kubalianeni mapema njia ya mawasiliano. Anayefikia nyumbani kwa mtu badala ya hoteli anatakiwa ajiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Chakula cha halali kinapatikana mtaa wa Xiaobei. Tafuta maandishi 清真, nayo husomwa qingzhen. Msikiti wa Huaisheng ni miongoni mwa ya kale zaidi China. Upo pia Msikiti wa Xianxian, wenye kaburi linalonasibishwa na Swahaba Sa'd bin Abi Waqqaas (رضي الله عنه), ilhali iliyothibiti ni kuwa alizikwa Madiynah. Mgonjwa asiende kuomba shifaa kwa aliye kaburini; shifaa huombwa kwa Allaah Pekee.

Swalah Na Swawm

Qiblah cha Guangzhou ni magharibi, ukielemea kaskazini kidogo. Saa za huko ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano.

Katika madhehebu ya Shaafi'iy, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hutimiza Swalah. Kwa hiyo aliyepangiwa mionzi ya wiki sita hapunguzi tangu afike. Asiyejua haja yake itakwisha lini, akitarajia kila siku kuruhusiwa, hupunguza hadi siku kumi na nane. Mgonjwa mwenye mashaka anaweza kujumuisha Swalah kwa kauli ya 'Ulamaa wengi. Asiyeweza kusimama aswali ameketi, asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Maji yakimdhuru, atayammam.

Ramadhwaan ikimkuta, atafungua na atalipa akipona. Asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku.

Dawa Zenye Asili Ya Nguruwe

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Uliza kama ipo mbadala. Ikiwa haipo na daktari mwaminifu ameona haja, dharura huhalalisha kwa kadiri yake.

Michango Ikibaki

Fedha zilizochangwa kwa ajili ya matibabu ni amana. Zikibaki, au mgonjwa akifariki kabla ya safari, hazirithiwi kama mali yake. Zirudishwe kwa wenyewe au, kwa idhini yao, apewe mgonjwa mwingine. Fakiri anaweza kutibiwa kwa Zakaah akimilikishwa yeye.

Akifariki huko, jamaa wawahi kuujulisha msikiti na ubalozi kuwa ni Muislamu, asije akachomwa kama ilivyo desturi ya miji ya China. Kuzikwa pale alipofia ndiyo bora, na huwaondolea warithi deni la kusafirisha maiti.

Tunamuomba Allaah Awape shifaa wagonjwa wetu. Na Allaah Anajua zaidi.