Makaa ya Mawe ya Lamu na Nafasi ya Umma katika Mipango ya Umeme Kenya

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, suala la chanzo cha umeme wa Kenya liliamuliwa na makampuni, wahandisi na serikali peke yao. Mwaka 1922 kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa kuwa kampuni moja ya Afrika Mashariki, na mwaka 1954 ikaundwa nyingine ya kusimamia njia ya kuleta umeme kutoka Tororo, Uganda. Baada ya uhuru, Mto Tana ulizuiwa kwa mabwawa kadhaa, yakiwemo ya Kindaruma (1968) na Masinga (1981), na mwaka huohuo wa 1981 mvuke wa ardhini wa Olkaria ulianza kuzalisha umeme. Mwenyeji aliyeishi kandokando ya miradi hiyo aghalabu alipata habari wakati mipaka ilipokwisha kuwekwa.

Mabadiliko hayakuanzia katika sheria za nishati bali katika sheria za mazingira. Sheria ya mwaka 1999 ya usimamizi wa mazingira ililazimisha miradi mikubwa kufanyiwa tathmini ya athari, yaani uchunguzi wa madhara yanayoweza kutokea kabla ya kibali kutolewa, na kanuni zake za mwaka 2003 zikaeleza kinagaubaga namna ya kuzungumza na watu: mabango yabandikwe mahali pa wazi, matangazo yachapishwe magazetini na kusomwa redioni katika lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanyike na watakaoathirika. Katiba ya mwaka 2010 iliupa utaratibu huo uzito mkubwa zaidi ilipoutaja ushiriki wa wananchi, katika Kifungu cha 10, kuwa miongoni mwa tunu za taifa. Hata hivyo, kanuni hizo zilihusu mradi uliokwisha kuchaguliwa, na hazikumpa mvuvi wala mkulima nafasi ya kuuliza kama mradi huo ulihitajika.

Pengo hilo lilionekana wazi Lamu. Mwaka 2013 serikali ilitangaza azma ya kuongeza megawati 5,000 katika muda wa miezi 40, ilhali uwezo wa mitambo yote ya nchi haukuwa umefika megawati 2,000, na katika hesabu hiyo kiliwekwa kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Kaunti ya Lamu. Kituo kimoja, basi, kilikusudiwa kuzidi nusu ya umeme wote uliokuwapo, kwa kuchoma makaa ambayo mwanzoni yangeagizwa kutoka Afrika Kusini, katika eneo lisilo mbali na Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wakazi walihofia moshi na majivu, na wavuvi walihofia maji ya moto ambayo yangemwagwa baharini kutoka kwenye mitambo. Zabuni ilipata mshindi, kampuni ya Amu Power, na mnamo Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ikaipa leseni.

Muungano wa wakazi uitwao Save Lamu, pamoja na wenzake, ulikata rufaa katika jopo la kitaifa la mazingira, chombo cha kisheria kinachosikiliza malalamiko dhidi ya maamuzi ya NEMA. Tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni. Hoja yake kuu ilihusu wakati: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utangulizi, ikatangulia ripoti ya tathmini, na ripoti ilipokamilika wenyeji hawakurudiwa ipasavyo ili waelezwe madhara yaliyogunduliwa na hatua za kuyazuia. Mkutano wa aina hiyo, ambamo watu huitwa kusikiliza habari za kitu ambacho bado hakijachunguzwa, una sura ya ushauriano lakini hauna maudhui yake. Jopo lilikosoa pia namna ripoti ilivyoipuuza Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016.

Ingekuwa makosa kudhani kwamba mgogoro ulitokana na makaa tu. Huko Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60.8 uliachwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakulima kuhusu ardhi, ingawa upepo hautoi moshi.

Uamuzi wa Lamu, hata hivyo, haukusema kwamba makaa hayafai. Uliacha njia wazi kwa kampuni kufanya tathmini upya. Swali la chanzo kipi kinafaa liliguswa na sheria nyingine, Sheria ya Nishati ya mwaka huohuo wa 2019, inayozitaka serikali za kaunti ziandae mipango yao ya nishati, ambayo huunganishwa katika mpango wa taifa. Hivyo kaunti kama Lamu ilipewa mahali pa kusema kisheria kabla zabuni haijatangazwa, ingawa mpango ulioandaliwa na maofisa wa kaunti bila wavuvi wake hautatofautiana sana na ule ulioandaliwa Nairobi.