Historia ya Kugawa Mzigo kwenye Viungo Sambamba vya Ruta

Itifaki ya OSPF, yaani kanuni ambazo ruta hufuata katika kupashana habari za njia za mtandao, ilipochapishwa mwaka 1989, iliruhusu njia kadhaa zenye gharama sawa zitumike kwa pamoja, lakini namna hasa ya kuugawa mzigo waliachiwa watengenezaji wa ruta. Jibu jepesi lilikuwa kutuma pakiti, ambazo ni vipande vidogo vya data, kwa zamu, kila moja na kiungo chake. Mgawanyo huo ulipendeza kwenye karatasi tu. Kiungo kimoja kikichelewa kidogo, pakiti ya tatu, ya nne na ya tano huitangulia ya pili, na itifaki ya TCP, inayouchukulia mfuatano huo kuwa dalili ya upotevu, hupunguza kasi na kuituma upya pakiti ambayo haikupotea kamwe.

Ndipo ikazoeleka kukokotoa namba kutokana na anwani za mtumaji na mpokeaji, kuigawanya kwa idadi ya viungo, na kuliacha baki lichague kiungo, ili mazungumzo yote ya kompyuta mbili yapite mahali pamoja. Waraka wa RFC 2992, wa Novemba 2000, ulichambua udhaifu wa hesabu hiyo: kinapokatika kiungo kimoja kati ya vinne, robo tatu ya mazungumzo huhamishwa, yakiwemo mengi ambayo kiungo chake ni kizima. Mbinu bora zimepatikana tangu hapo, ila pale ugawaji unapofuata anwani, mtiririko mmoja mkubwa bado hauwezi kuizidi kasi ya kiungo kimoja, hata kama vitatu vya jirani vimekaa bure.