Bei ya Mwisho Anaijua Nani?

Mwaka 1996, katika maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT, mjini Cambridge, Massachusetts, Anthony Chavez na Pattie Maes walijenga soko la majaribio wakaliita Kasbah. Mwenye kitu cha kuuza alitengeneza programu wakala, akaiingiza sokoni imuuzie. Mnunuzi naye aliingiza ya kwake. Mawakala hao walitafutana na kupatana bei wenyewe, huku waliowatuma wakiendelea na shughuli zao.

Mimi ni mwandishi wa programu, lakini nimelelewa na udalali. Baba yangu alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Ndiyo maana niliposoma maelezo ya Kasbah, kilichonishika ni maagizo aliyopewa wakala. Muuzaji alimtajia mambo matatu: bei anayoitaka, bei ya mwisho ambayo chini yake hauzi, na siku ambayo mzigo uwe umeshatoka. Kisha alimchagulia mwendo wa kushuka. Mwenye haraka alishusha kwa kiwango kilekile tangu mwanzo. Mtulivu alianza polepole, akaongeza kasi baadaye. Mwenye tamaa aling'ang'ania bei yake mpaka siku zilipokaribia kwisha. Wakala wa mnunuzi alifanya kinyume, akipanda. Alitaja bei, wa muuzaji akajibu ndiyo au hapana, basi.

Hayo matatu ndiyo ambayo wakulima walimwambia baba. Mkulima akishashusha magunia alimvuta pembeni, nyuma ya lori, kabla wanunuzi hawajasogea. Bei ya kuanzia aliitaja kwa sauti ya kawaida. Ya mwisho aliinong'ona, na baba hakuiandika popote. Mnunuzi akiuliza, "Mzee, mwisho ngapi?", baba alitaja bei iliyo juu ya ile aliyoambiwa, akasubiri. Dalali aliyevujisha siri hiyo hakuletewa mzigo tena msimu uliofuata.

Kompyuta zilikuwa zimeanza kupeana kazi kwa kutangaziana kabla ya Kasbah. Mwaka 1980 Reid Smith alichapisha utaratibu wa Contract Net: kompyuta yenye kazi inaitangaza, nyingine zinaleta zabuni, nayo inachagua na kukabidhi. Ila hizo zilifanya kazi ya nyumba moja, hazikuwa na sababu ya kufichana. Mwaka 1995 kampuni ya Andersen Consulting ilitoa BargainFinder, programu iliyozunguka maduka ya mtandaoni ikimlinganishia mnunuzi bei za CD za muziki. Bei hizo zilikuwa wazi kwa kila mteja, na bado baadhi ya maduka yaliifungia mlango. Wenye maduka walielewa upesi maana ya mnunuzi kuwa na mtu wake sokoni.

Kasbah ilimbebesha wakala siri. Oktoba 1996 ilijaribiwa kwa siku moja na watu karibu 200 waliohudhuria kongamano la maabara hiyo. Likazuka suala la uaminifu: mawakala wakishapatana, nani anahakikisha mtu ataleta kitu alichoahidi? Mwaka 1999 Giorgos Zacharia, Alexandros Moukas na Maes walieleza mfumo wa Sporas, ambamo mgeni huanzia chini kabisa kwa sifa, ili tapeli asinufaike kwa kubadili jina.

Hapo uaminifu uliolindwa ni wa muuzaji na mnunuzi. Lakini mawakala wa Kasbah waliishi ndani ya kompyuta ya soko lenyewe, na mwenye soko angeweza kuziona bei za mwisho za pande zote mbili. Katika jaribio la watafiti hilo halikuwa na madhara. Katika biashara ni jambo zito. Leo Dar es Salaam mfumo wa teksi za mtandaoni unamkutanisha abiria na dereva, unapanga nauli na kukata kamisheni yake. Unaona safari alizokubali dereva na alizozikataa. Dereva hana wakala wake humo, abiria hana wa kwake. Aliyepo ni wa mwenye soko.

Mifumo ya kuunganisha wakulima na wanunuzi inaendelea kujengwa, na sisi tunaoijenga tuna wajibu. Wakala wa mkulima akae kwenye simu ya mkulima au kompyuta ya ushirika wake, na kinachotoka kwenda sokoni kiwe jibu tu. Kiufundi hilo linawezekana, kwa kuwa kujibu ndiyo au hapana hakumlazimu wakala kutaja bei yake ya mwisho. Tukiiweka bei hiyo kwenye mashine ya anayepata kamisheni, tutakuwa tumempa mkulima dalali ambaye baba yangu na wenzake wasingekubali kufanya naye kazi.