Kihamba Kisije Kikarithiwa na Magugu

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko hapa Maryland na Virginia, na ninyi mliotapakaa kwingineko,

Wazee wetu wa Kilimanjaro walikuwa na utaratibu wa kurithishana vihamba. Baba alimfikiria kwanza mwanawe mkubwa. Kitinda mimba akabaki katika boma la wazazi. Wa katikati wakajitafutia ardhi kwingine. Mabinti hawakuhesabiwa, kasoro ambayo hatuna budi kuikiri.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ardhi haikupata kutoka nje ya damu. Mangi aliweza kumpa mgeni eneo lisilo na mtu. Aidha, mwenye shamba aliweza kumwazima jirani, naye akaleta pombe kila mwaka kuwa ishara kwamba ardhi ina mwenyewe. Kahawa ndiyo iliyotia ugumu. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, na zao hilo likaleta fedha. Mkahawa huishi miaka mingi, na aliyeupanda huuona kuwa wake. Watu wakachelea kuazimana.

Hapa tulipohamia, jambo hili si geni. Mwaka 1980 Kaunti ya Montgomery ilitenga ekari zipatazo 93,000, takriban theluthi moja ya kaunti, ziwe za kilimo, na kuruhusu nyumba moja tu kwa kila ekari 25. Sheria iliokoa ardhi, lakini haikuzaa wakulima. Sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa mkulima wa Marekani ulikuwa miaka 58.1. Ndiyo maana katika kaunti hiyo ulianzishwa mpango uitwao Land Link, wa kuwakutanisha wenye mashamba na wakulima wasio na ardhi, ili wapatane kwa mikataba.

Mwaka juzi nilikwenda kukiona kihamba cha marehemu baba. Migomba mingi imeanguka. Sehemu moja tu, kando ya mfereji, ilikuwa safi: kijana wa jirani huipalilia bila kuombwa. Nilimwuliza kwa nini hapandi mikahawa. Akanijibu kwa adabu, “Babu, nikipanda leo, kesho mtanifukuza.” Sikuwa na jibu.

Watoto wetu wamekwisha kujenga maisha yao huku, wala hatuwezi kuwalaumu. Kwa hiyo naomba mkutano huu ujadili mkataba wa maandishi na kijana huyo, mbele ya uongozi wa kijiji: muda usiopungua miaka kumi, fidia ya miti atakayoipanda, makaburi na masale ya mpakani yasiguswe, na mabinti zetu watie sahihi sawa na wana wa kiume.

Wapo watakaosema kwamba kumpa mtu baki shamba ni kuwauza mababu. Nawaheshimu. Lakini mababu wenyewe waliazimana ardhi, na waliridhika na mtungi wa mbege.