Namna Saba za Kushikiza Deraya ya Maigizo Kwenye Nguo ya Ndani



Tangu nianze kutengeneza mavazi ya vikundi vya maigizo, swali ninaloulizwa sana si jinsi ya kutengeneza deraya. Maboksi yapo, sponji ngumu ya ndala ipo, rangi ya dhahabu ya kopo ipo. Swali ni hili: inashikaje mwilini? Maana deraya isiyoshika ni aibu, na inayoshika mno ni hatari. Hilo la pili nililijua kwa kitu kilichonikuta, ngoja nianze nacho.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, kikundi kimoja cha mtaani kilinipa kazi ya kuvalisha askari wanne wa igizo la Juliasi Kaizari, lile alilotafsiri Mwalimu Nyerere (chapa ya kwanza 1963, iliyorekebishwa 1969). Hela ya bizimu na mikanda hatukuwa nayo. Nikamshonea mwenzetu mmoja kifua na mgongo akiwa amesimama palepale, vipande vya mabega nikavibandika kwa gundi kwenye fulana. Alipendeza kweli kweli! Onesho la pili lilikuwa mchana, ukumbi wa bati, feni moja. Baada ya nusu saa jamaa akaanza kupepesuka, akaja nyuma ya pazia akakaa chini, ukimwita haitiki. Tukatafuta pa kumfungulia. Hapakuwepo, kwa sababu mimi sikupaweka. Mkasi wenyewe tuliutafuta kama dakika tano. Tukamkata deraya vipande vipande, tukammwagia maji, akapelekwa zahanati, akapona.

Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe uliivaa kwanza?" Sikuwa nimeivaa.

Kwa hiyo yote ninayoandika hapa chini yanasimama juu ya sheria moja: deraya iwe inavuliwa na mtu mwingine, gizani, ndani ya nusu dakika. Haya, twende kazi.

ANZA NA NGUO YA NDANI

Wengi wanakosea hapa. Deraya haikai kwenye ngozi, inakaa kwenye nguo. Nguo ikiwa pana, kila kitu kitazunguka. Chukua fulana ya pamba ya mikono mirefu inayobana kiasi, na suruali ya kubana au taiti. Kitambaa kinachovutika hakibebi uzito peke yake, kitalegea hadi magotini. Pale utakapopachika kitu, shona kwanza kiraka cha khaki au turubai jepesi kwa ndani.

Halafu jiulize uzito unakwenda wapi. Jibu ni mabegani na kiunoni tu. Hili si jambo jipya. Huko Ulaya karne ya 15, askari wa deraya ya chuma alivaa ndani koti lililotiwa pamba na kushonewa kamba, na vipande vya mikono vikafungwa kwenye koti hilo. Vya miguu navyo vilining'inizwa kutoka juu, havikutegemea kubana paja. Deraya nzima ilikuwa na kilo 20 hadi 25, lakini mtu aliweza kukimbia nayo kwa sababu uzito uligawanywa.

Warumi nao walikuwa na yao ya mabamba ya chuma. Kwa ndani mabamba yalipigiliwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi, hivyo yakawa yanateleza moja juu ya jingine mtu akiinama. Wataalamu walielewa vizuri ilivyoungwa baada ya sanduku lenye vipande vyake kufukuliwa Corbridge, Uingereza, mwaka 1964. (Wajuzi msinirushie mawe: najua Kaizari aliuawa mwaka 44 KK na deraya ya mabamba ilienea baadaye. Askari wake walivaa ya pete za chuma. Jukwaani huwa tunasameheana.)

NAMNA ZENYEWE

1. Kamba. Toboa matundu mawili mawili kwenye kipande, tia vijicho vya chuma kama vya viatu, kisha funga kwenye kamba zilizoshonewa kwenye nguo. Ni rahisi na inaruhusu mwili kucheza. Ubaya wake ni kwamba inachelewesha na inataka msaidizi. Funga kama kamba ya kiatu, ukivuta ncha moja inafunguka. Fundo gumu marufuku.

2. Mkanda na bizimu au klipu. Hii ndiyo ya kuunganisha kifua na mgongo, mabegani na ubavuni. Bizimu la chuma linapendeza kwa igizo la zamani. Mimi lakini napenda klipu za plastiki za mabegi ya mgongoni, unabana kwa vidole viwili mtu yuko huru. Zifiche chini ya kwapa, hakuna atakayeona.

3. Velcro, ile ya viatu vya watoto inayolia "chraa". Aliibuni George de Mestral wa Uswisi baada ya kuona mbegu za porini zinavyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Upande wenye kulabu uweke kwenye deraya, upande laini kwenye nguo, vinginevyo kulabu zitachuna nguo na ngozi. Inastahimili sana kuvutwa kwa kuburuzwa, lakini ukiibandua kutoka pembeni inaachia mara moja. Kwa hiyo ipange uzito uvute sambamba nayo. Ile yenye gundi nyuma usiiamini, joto na jasho vinailegeza. Ishone. Na usiitumie kwa kitu cha kuvua katikati ya kimya cha msiba, ukumbi mzima utacheka.

4. Vishikizo vya chuma vya kubonyeza, vile vya jaketi na nguo za watoto wachanga. Usivigongelee moja kwa moja kwenye sponji, vitang'oka na tundu. Kata kipande cha mkanda wa begi, gongelea kishikizo hapo, kisha mkanda ubandike kwa gundi ndani ya deraya. Mwenzake anakaa kwenye nguo juu ya kile kiraka cha khaki. Wapenzi wa sinema ya Star Wars ya 1977 wanaotengeneza zile deraya nyeupe za plastiki juu ya nguo nyeusi hutumia sana njia hii pamoja na lastiki. Siri ni kwamba kishikizo kinaachia kabla plastiki haijavunjika.

5. Lastiki. Hii ni ya viungo: bega, kiwiko, goti, mahali popote panapokunjika. Shona ncha moja kwenye kipande, nyingine kwenye nguo au kipande jirani. Ikate fupi kidogo kuliko nafasi ili ivute kipande kirudi mahali pake. Usiizungushe kwenye paja au mkono ikabana hadi ganzi. Jasho linaichosha, hivyo ikague kila baada ya maonesho machache.

6. Sumaku. Moja ndani ya nguo ndani ya kimfuko kilichoshonwa, nyingine kwenye kipande. Inafaa kwa vitu vyepesi kama nembo, pindo la joho au mfuniko wa kuficha bizimu. Isibebe uzito, mtu akirukaruka inateleza. Zile ndogo zenye nguvu nyingi zikae mbali na watoto, maana zikimezwa zaidi ya moja zinaweza kutoboa utumbo. Aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asivae kabisa.

7. Kushona moja kwa moja. Vipande laini kama vya magoti au vifundo vya mikono unaweza kuvishona kwenye nguo ya ndani vikawa kitu kimoja. Inaokoa muda wa kuvaa na hakuna kinachopotea. Ila kufua kwake ni shughuli, na nguo lazima iwe na zipu ndefu mgongoni yenye utepe wa kuvutia. Bila zipu umerudia kosa langu.

Gundi sijaipa namba kwa makusudi. Gundi ni ya kuunganisha mkanda na deraya, si deraya na nguo. Nguo inavutika, gundi iliyokauka haivutiki, na mwisho wake unaujua.

IPI IKAE WAPI

Kifua na mgongo: klipu au bizimu.
Mabega: lastiki chini, kishikizo juu.
Mkono wa juu: Velcro pana kwenye nguo.
Kiganja hadi kiwiko: kamba au lastiki upande wa ndani.
Mapaja: mikanda miwili inayoning'inia kutoka mkanda wa kiunoni, na lastiki legevu nyuma.
Magoti: shona kwenye nguo.
Nembo na joho: sumaku.

Usitumie namna moja mwili mzima. Velcro ikifeli kila kitu kikiwa Velcro, umebaki na fulana yako mbele za watu.

KABLA YA ONESHO

Jaribu mambo manne: inua mikono yote juu, keti, panda ngazi, ruka kichurachura mara kumi kama ulivyoadhibiwa shuleni. Kinachohama kirekebishe. Kisha mwite mtu asiyejua vazi lako, zima taa, mwambie akuvue huku unahesabu. Akizidi nusu dakika, badilisha vifungio.

Nyuma ya pazia kuwe na maji, pini, uzi, na mkasi butu wa ncha uliofungwa kwa kamba mahali panapojulikana na wote. Joto likiwa kali, askari wavue vifua kila wanapotoka jukwaani. Mtu akianza kupepesuka au kujibu ovyo, usisubiri tukio liishe: vua deraya, mtoe kwenye joto, mmwagie maji, mpepee, na awahishwe hospitali.

Siku hizi kila deraya ninayotengeneza naivaa mimi kwanza, nusu saa nzima, juani. Majirani wameshazoea kumwona askari wa Kirumi akichota maji bombani. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini yule mama nikikutana naye sasa, swali lake nina jibu.

Naomba kuwasilisha.