Kabla ya Hubble, Uhuru

Hapa Visiga vijana tukizungumzia anga, ni Hubble tu. Sawa, picha zake kiboko: Desemba 1995 ilikodolea kijisehemu cha anga siku 10, ikanasa galaksi kama 3,000.

Lakini ndugu msomaji, Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, kwenye jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Meneja wa mradi, Mama Marjorie Townsend wa Marekani, akaiita Uhuru. Jina la Kiswahili, jamani! Ikaorodhesha vyanzo 339.

Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo ndiye baadaye, 1981, akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Hubble. Riwaya yake iko wapi?